Jina la Herufi Nne: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu YHWH, Yehova na Yahwe

Maswali haya nimeyapokea kwa miaka mingi. Mengine yaliulizwa darasani Jumapili mchana, mengine kwa WhatsApp saa sita za usiku, na moja niliulizwa na fundi wa mabango akiwa juu ya ngazi, brashi mkononi. Aya ninazozinukuu ni za Biblia ya Union ya 1952, ile ambayo wengi wetu tumekulia nayo, isipokuwa pale nitakaposema vingine.

YHWH ni nini hasa?

Ni jina la Mungu wa Israeli kama lilivyoandikwa kwa Kiebrania: yodi, he, wau, he, ukisoma kutoka kulia kwenda kushoto, יהוה. Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti, na irabu msomaji alizitia mwenyewe kwa kuwa lugha ilikuwa yake. Hili ni jina lake hasa. "Bwana" ni cheo, "Mwenyezi" ni sifa, lakini hili ni jina kama vile Musa ni jina. Katika Biblia ya Kiebrania limo zaidi ya mara 6,800, na hakuna namna nyingine ya kumtaja Mungu inayolikaribia. Ajabu ni kwamba kitabu cha Esta hakina hata moja, wala Mhubiri.

Maana yake ni nini?

Biblia yenyewe inalieleza mahali pamoja tu, pale kwenye kijiti kinachowaka moto, Kutoka sura ya 3. Musa anauliza: nikienda, wakaniuliza jina lake ni nani, niwajibu nini? Anajibiwa *ehye asher ehye*. *Ehye* ni kitenzi "kuwa" katika nafsi ya kwanza, na YHWH inaonekana kuwa kitenzi hichohicho katika nafsi ya tatu. Yeye akijitaja husema "niko". Sisi tukimtaja tunasema "yuko".

Wapo wasomi wanaosoma zaidi ya hapo, kwamba umbo la jina linaashiria "anayefanya vitu viwepo", yaani Muumba. Hoja yao ina uzito wake wa kisarufi, lakini siyo njia inayofuatwa na Kutoka 3. Pia kitenzi cha Kiebrania hakikufungwa kwenye wakati mmoja kama chetu chenye -na- na -ta-. *Ehye* unaweza kuisoma "niko" na unaweza kuisoma "nitakuwa", na zote mbili ni halali.

Hapa Kiswahili kilipata bahati. Watafsiri wa Union waliandika MIMI NIKO AMBAYE NIKO. Itazame hiyo -ko. Ukisema "mimi ni mwalimu" unaeleza wewe ni nani, lakini ukisema "niko" umesema upo, unapatikana. Mtu akibisha hodi akauliza "Baba yuko?", haulizi tabia ya baba, anauliza kama atamkuta. Sasa rudi mistari miwili nyuma, 3:12. Musa amelalamika kuwa yeye ni nani hata aende kwa Farao, naye anajibiwa, "Bila shaka mimi nitakuwa pamoja nawe." Hiyo "nitakuwa" kwa Kiebrania ni *ehye* ileile. Kabla jina halijatolewa kama jina, limeshatolewa kama ahadi ya kuwapo.

Wayahudi waliotafsiri Torati kwa Kigiriki kule Misri, karne ya 3 KK, waliandika kitu kama "Mimi ndimi Aliyeko", na wanafalsafa wakaichukua sentensi hiyo wakaenda nayo mbali, wakizungumzia asili ya kuwako kwa vitu vyote. Sina ugomvi nao. Ila nikiwa mbele ya darasa, "niko" ya mtu anayeitika ndani ya nyumba hunisaidia kuliko falsafa yote hiyo.

Mbona kwenye Biblia yangu silioni?

Unaliona karibu kila ukurasa, ila limevaa nguo nyingine.

Bibi mmoja darasani kwetu, mwenye Biblia iliyofungwa kwa kitambaa cha kitenge, alinyoosha mkono akauliza kwa nini mwenye kiwanda cha uchapaji alikuwa akisahau kuzima herufi kubwa. Alikuwa ameona BWANA na Bwana kwenye mstari mmoja. Ulikuwa Zaburi 110:1: "Neno la BWANA kwa Bwana wangu." Hakuna kosa la uchapaji hapo. BWANA yenye herufi kubwa zote inasimama mahali pa YHWH; Bwana ya kawaida ni tafsiri ya *adoni*, bwana kwa maana ya mkubwa. Kwa Kiebrania hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu ni maneno mawili yasiyofanana hata kidogo. Kwa Kiswahili ukisomewa kwa sauti, masikio yako yatasikia bwana anaongea na bwana.

Ukisoma Ezekieli utakutana na "Bwana MUNGU asema hivi". Hapo kubwa ni MUNGU, kwa sababu kwa Kiebrania ni *Adonai YHWH*, na kuandika "Bwana BWANA" kungeleta kichekesho.

Biblia ya Habari Njema ilichukua njia nyingine, ikaandika "Mwenyezi-Mungu". Kwa hiyo Zaburi ya 23, ambayo kwa Union ni "BWANA ndiye mchungaji wangu", kwa Habari Njema ni "Mwenyezi-Mungu ni mchungaji wangu". Angalia usije ukatumbukia: katika Union, "Mungu Mwenyezi" ni tafsiri ya jina tofauti kabisa, El Shadai. Watu wawili wakijadiliana, kila mmoja na Biblia yake, wanaweza kubishana nusu saa kuhusu "Mwenyezi" bila kujua kuwa wanazungumzia maneno mawili.

Shida yangu na "Bwana" ni kwamba neno limefanya kazi nyingi mno kwetu. Bwana shamba, bwana harusi, bwana wake yuko safarini, "acha hizo bwana!" Jina la mmoja tu limefasiriwa kwa neno tunalomwita hata konda. Lakini siwalaumu watafsiri. Walifuata desturi ya zaidi ya miaka elfu mbili, nayo ilianza na Wayahudi wenyewe.

Kuna sehemu chache Union iliacha jina lionekane: Kutoka 6:3, Zaburi 83:18, Isaya 12:2 na 26:4, pamoja na majina ya mahali kama Yehova-yire.

Wayahudi wenyewe wanalitamkaje?

Hawalitamki. Wakifika kwenye herufi hizo katika sala au katika kusoma Torati husema *Adonai*, "Bwana wangu". Katika mazungumzo ya kawaida husema *Hashem*, yaani "Jina". "Hashem akipenda, tutaonana kesho."

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa karibu mwaka 200 BK, inaeleza Siku ya Upatanisho Hekaluni: kuhani mkuu alilitamka jina wazi, na watu waliosimama uani wakalisikia, wakapiga magoti, wakaanguka kifudifudi. Talmudi, ufafanuzi wa marabi juu ya Mishna, inasema alilitamka mara kumi siku hiyo. Hekalu lilipobomolewa na Warumi mwaka 70 BK, mahali pa kulitamkia pakaondoka.

Uangalifu huo umeingia hadi kwenye hesabu. Kiebrania huandika namba kwa herufi. Kumi ni yodi, tano ni he, kwa hiyo kumi na tano ingekuwa yodi-he. Lakini hiyo ni *Yah*, kifupi cha jina. Basi wao huandika tisa na sita. Kumi na sita nayo, kwa sababu hiyohiyo, ni tisa na saba. Mtoto wa Kiyahudi hujifunza heshima hiyo kwenye kalenda kabla hajajifunza kwenye sala.

Sasa "Yehova" limetoka wapi?

Kwanza mfano wa nyumbani. Ukiona "Dkt." unasoma "daktari". Ukiona "n.k." unasoma "na kadhalika". Jicho linaona kitu, mdomo unasema kingine, na mtu aliyezoea hajikwai. Mgeni asiyejua desturi hiyo anaweza kukazana kutamka "Dkt" kama lilivyo.

Kati ya karne ya 6 na ya 10 BK, wataalamu wa Kiyahudi waitwao Wamasora, hasa wa Tiberia kando ya Ziwa la Galilaya, walitia alama za irabu kwenye maandiko ili usomaji usipotee. Walipofika kwenye YHWH hawakuthubutu kugusa konsonanti, wala hawakutaka mtu aitamke. Desturi ikawa kutia pale irabu za *Adonai* ziwe ukumbusho: hapa sema Adonai. Ile "a" fupi ya mwanzo, ikikaa chini ya yodi, hugeuka kuwa mfano wa "e" nyepesi. Mkristo wa Ulaya aliyesoma konsonanti za neno moja pamoja na irabu za neno jingine akapata Yehowa. Umbo la namna hiyo limo katika maandishi ya mtawa Mdominiko wa Katalonia, Ramon Martí, karne ya 13. William Tyndale akaliingiza katika tafsiri yake ya Torati kwa Kiingereza mwaka 1530, na kutoka hapo likasambaa na wamisionari hadi kwetu.

Je, ni kosa? Kama historia ya matamshi, ndiyo, ni neno chotara. Kama jina ambalo watu wameliitia kwa karne nyingi, wakaliimba na kuzikwa nalo, siwezi kumsimamisha mama aliyepiga magoti nimwambie irabu zake si zake.

Kwa hiyo "Yahwe" ndiyo matamshi sahihi?

Ndilo kadirio ambalo wasomi wengi hulikubali. Wanategemea mambo matatu. La kwanza ni kifupi *Yah*, ambacho kimehifadhiwa na irabu yake katika *Haleluya*. La pili ni sarufi ya kitenzi. La tatu ni waandishi Wakristo wa Kigiriki: Klementi wa Aleksandria, karibu mwaka 200 BK, aliliandika Iaoue, na Theodoreto katika karne ya 5 aliandika kuwa Wasamaria husema Iabe. Wagiriki hawakuwa na "h" ya katikati ya neno wala "w" yetu, basi walijikakamua na walichonacho, kama babu zetu walivyojikakamua na majina ya Wazungu.

Nimetumiwa video inayosema lazima tumwite Mungu Yahuah na Yesu Yahusha, la sivyo sala haifiki.

Nami nimetumiwa, zaidi ya mara moja. Umbo *Yahu* lipo kweli, mwishoni mwa majina kama Eliyahu na Yeshayahu. Lakini jina la Yoshua, ambalo ndilo la Yesu pia, katika maandiko ya Kiebrania ni *Yehoshua*, na katika Ezra na Nehemia ni *Yeshua*. Yahusha siyo usomaji wa maandiko hayo. Na dai kwamba sala inarudishwa mlangoni kwa sababu ya irabu linamfanya Mungu kuwa kama mashine ya benki inayokataa namba ya siri.

Jehova Jire, Jehova Nisi, Jehova Shaloma: ni majina mangapi?

Jina ni lilelile moja. Mengi ya hayo ni majina ya *mahali* au ya madhabahu, si orodha ya miungu wa idara mbalimbali, huyu wa pesa na yule wa afya. Ibrahimu alipaita mahali Yehova-yire (Mwanzo 22:14). Musa aliiita madhabahu Yehova-nisi, "bendera yangu" (Kutoka 17:15). Gideoni aliiita ya kwake Yehova-shalomu (Waamuzi 6:24), na *shalom* ni ndugu wa "salama" yetu iliyotoka Kiarabu. "Yehova Rafa" haimo katika Union kwa umbo hilo. Imo kama sentensi, "Mimi ndimi BWANA nikuponyaye" (Kutoka 15:26).

Yire ndiyo inayonipendeza. Tumezoea kusema ni "Mungu hutoa", lakini kitenzi ni *raa*, "kuona". Yehova ataona. Isaka ameuliza mwana-kondoo yuko wapi, na baba yake, moyo umejaa, anajibu kwa kitenzi hicho: Mungu ataona jambo la kondoo. Kuona kunakujaje kuwa kutoa? Msikilize mtu wa kwetu: "Tangu baba afariki, nani anamwangalia mama?" Haulizi ni nani anayemkodolea macho. Anauliza nani ananunua unga, nani analipa dawa. *Kuangalia* kwetu kumesafiri njia ileile ya *raa*, na sisi hatuhitaji maelezo marefu kuielewa.

Yule fundi wa mabango alikuwa anachora jina la duka la vifaa vya ujenzi. Aliniuliza kutoka juu ya ngazi: "Mwalimu, ni Jire au Yire? Na huyu mwenye duka kaniandikia h mwishoni." Nikamweleza kuwa Kiebrania kina y, kwamba J ni ya Wazungu, na Mjerumani akiiona huisoma y vilevile, ila Mwingereza huisoma j, nasi tumeipokea ya Mwingereza. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akasema, "Sawa mwalimu, lakini J imeshakauka."

Elohim, Adonai na El Shadai ni tofauti gani?

*Elohim* ni "Mungu" kwa maana ya jumla. Umbo lake ni la wingi, lakini likimtaja Mungu wa Israeli kitenzi chake huwa cha umoja: Mwanzo 1:1 inasema *bara*, "aliumba", si "waliumba". Waliokulia katika lugha za bara ambamo mkwe na mzee husemeshwa kwa wingi hawashangai sana. Neno hilohilo hutumika pia kwa miungu ya mataifa. *Adonai* ni Bwana wangu. *Shadai* limo mara 48, na 31 kati ya hizo ni katika Ayubu peke yake. Asili yake bado inabishaniwa, na wengine hulihusisha na neno la "mlima" katika Kiakadi, lugha ya kale ya Babeli na Ashuru. "BWANA wa majeshi", *YHWH tsevaot*, huanza 1 Samweli 1:3. Katika vitabu vitano vya Musa halimo.

Kutoka 6:3 inasema Ibrahimu hakulijua jina hili. Mbona katika Mwanzo analitaja?

Swali zuri, na lilimsumbua tabibu mmoja Mfaransa, Jean Astruc, hadi mwaka 1753 akachapisha kitabu akidai kuwa Mwanzo imeunganishwa kutoka maandishi ya awali, mengine yakitumia Elohim, mengine YHWH. Nadharia ya vyanzo vya Torati ilianzia hapo. Wafafanuzi wa kale, Wayahudi kwa Wakristo, husema "kujulikana" pale ni kulionja jina likitenda kazi yake, kama walivyolionja waliotoka Misri. Kulisikia peke yake hakutoshi. Soma sura nzima ya 6 uamue.

Lina uhusiano na jina Allah? Limo katika Qur'ani?

YHWH halimo katika Qur'ani. Allah lina undugu na *Elohim*, siyo na YHWH: Kiebrania *eloah*, Kiaramu *elah*, Kiarabu *ilah*, zote shina moja. Wakristo wa Kiarabu husoma "Allah" katika Biblia zao. "Mungu" yetu haimo katika ukoo huo kabisa. Ni ya Kibantu, pamoja na Mulungu na wenzake.

Ni kweli jina hili limo ndani ya majina ya watu?

Kweli, na huenda limo kwenye kitambulisho chako. Yohana: Yah amefadhili. Zakaria: Yah amekumbuka. Nehemia: Yah amefariji. Obadia: mtumishi wa Yah. Mathayo: zawadi ya Yah. Hezekia, Isaya, wote wamo. Eliya ni "Mungu wangu ni Yah", na Yoeli ni vipande vilevile vimepinduliwa, "Yah ni Mungu". Yona hayumo, yeye ni "njiwa". Katika Hesabu 13:16 Musa anambadilisha Hoshea kuwa Yoshua, na mabadiliko yenyewe kwa Kiebrania ni kuongezewa yodi moja mbele. Na kwa kuwa Yesu ni Yeshua, kifupi cha jina la Yoshua, herufi hizo zimo humo pia. Zakaria wa Pwani anayeswali Ijumaa naye amelibeba.

Halafu kuna *Haleluya*: *halelu*, "msifuni", na *Yah*. Mkutanapo njiani mkasalimiana "Bwana asifiwe", mmetafsiri Haleluya karibu neno kwa neno.

Kuna ushahidi nje ya Biblia?

Upo, na sehemu yake nzuri iko Afrika.

Katika hekalu la Soleb, kaskazini mwa Sudan, lililojengwa na Farao Amenhotep III karne ya 14 KK, kuna orodha ya mataifa ambamo wametajwa wahamaji Washasu wa nchi ya "Yhw". Wasomi wengi huona humo mwangwi wa jina hili, ingawa pale linaonekana kuwa jina la mahali.

Jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, la karibu mwaka 840 KK, liligunduliwa Dhiban, Yordani, mwaka 1868 na sasa liko katika makumbusho ya Louvre, Paris. Mesha anajisifu kuwa aliteka vyombo vya YHWH akaviburuta mbele ya mungu wake Kemoshi. Adui ndiye aliyetuhifadhia herufi zote nne.

Mwaka 1979, mwanaakiolojia Gabriel Barkay alichimba makaburi ya Ketef Hinnom, Yerusalemu, akapata vikaratasi viwili vya fedha vilivyoviringishwa kama sigara. Kidogo zaidi kikikunjuliwa kina urefu wa kama sentimita 4. Ndani mmechorwa, kwa mwandiko wa karibu mwaka 600 KK, maneno ya baraka ya Hesabu 6, jina likiwamo. Mtu alivivaa mwilini. Nikiwaza watu wa kwetu wanaofunga hirizi mkononi na wale wanaoweka Biblia ndogo chini ya mto wa mtoto, naona hatukuanza sisi.

Na kuna Elefantine, kisiwa cha Mto Nile huko Aswan. Karne ya 5 KK waliishi pale askari Wayahudi waliokuwa na hekalu lao wenyewe la Yaho, wakiliandika jina kwa herufi tatu, YHW. Mwaka 410 KK makuhani wa mungu wa Kimisri Khnumu walishirikiana na mkuu wa eneo kulibomoa. Mwaka 407 KK Wayahudi hao walimwandikia liwali wa Yuda barua ya Kiaramu wakiomba ruhusa ya kujenga upya, wakaeleza kuwa tangu siku hiyo wamevaa magunia na kufunga. Barua hiyo ipo hadi leo.

Agano Jipya linalitumia?

Hati za Kigiriki za Agano Jipya tulizonazo zina *Kyrios*, Bwana. Hakuna hata moja iliyo na herufi nne. Lakini Yohana 8:58, "Yeye Ibrahimu asijakuwako, mimi niko", inapiga kengele ya kijiti cha moto, na waliomsikia waliokota mawe. Ufunuo 1:4 nayo inamwita "aliyeko na aliyekuwako na atakayekuja".

Mashahidi wa Yehova, walioanza kutumia jina hilo la dini yao mwaka 1931 huko Columbus, Ohio, wameandika Yehova mara 237 katika Agano Jipya la tafsiri yao. Wanatetea kwamba nukuu za Agano la Kale zirudishiwe jina. Katika Agano la Kale hoja yao ina nguvu, kwa kuwa jina limo. Katika Agano Jipya wanaandika kile ambacho hati hazina.

Ni kweli Wakatoliki wamekatazwa kusema Yahwe?

Katika liturujia. Barua ya Vatikani ya Juni 29, 2008 ilielekeza kuwa lisitumike katika nyimbo na sala za ibada, pasomwe "Bwana". Mafunzo na mazungumzo hayakuguswa. Ndiyo sababu wimbo wenye "Yahwe" ambao kwaya iliuzoea unaweza ukawa umebadilishwa maneno.

Kulitaja ni dhambi?

Kutoka 20:7 inakataza kulitaja *bure*. Boazi katika Ruthu 2:4 anawasalimu wavunaji shambani kwa jina hili, nao wanamjibu kwa jina hili, na hakuna aliyekemewa. Ninaloliona mimi kuwa karibu na "bure" ni kuapa "haki ya Mungu" juu ya bei ya nyanya, au kulipiga Yehova mara arobaini kwenye spika ili watu wapagawe. Ukiwa na Myahudi, sema Hashem au Mungu. Ni adabu tu, kama unavyovua viatu ukiingia nyumba ya mtu.

Madaftari yangu ya mahubiri yamejaa neno Yehova. Naweza kuyachoma?

Kwa sheria ya Kiyahudi, jina lililoandikwa kwa Kiebrania halifutwi. Mwandishi wa Torati akikosea neno jingine hukwangua wino. Akikosea kwenye jina, ngozi nzima hutolewa. Maandishi yaliyochakaa huwekwa *geniza*, ghala la sinagogi, kisha huzikwa. Geniza ya sinagogi la Ben Ezra, Kairo, ilikaa karne nyingi bila kuzikwa, hadi msomi Solomon Schechter alipofika 1896 na kusafirisha kwenda Cambridge vipande zaidi ya 190,000. Humo hamkuwa na maandiko matakatifu tu. Kulikuwa na mikataba ya ndoa, hesabu za wafanyabiashara, hata daftari za watoto wanaojifunza herufi, kwa kuwa watu hawakutaka kutupa karatasi ambayo huenda jina limo.

Daftari la Kiswahili halina masharti hayo, choma ukipenda. Yangu yako kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na mke wangu ameshauliza mara mbili yataondoka lini.